Safari ya Tanga na Baiskeli ya Wasia

Mzee wetu alipofariki dunia aliacha vitu vichache, na katika vichache hivyo aliusia kimoja tu: baiskeli yake iende Tanga kwa mdogo wake, yaani Baba Mdogo wetu. Baba Mdogo hakuwa na fungu katika mirathi, kwa kuwa marehemu ameacha watoto wa kiume, na ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba wasia kwake ulijuzu. Thamani yake haikufika hata kipande cha theluthi. Madeni yalilipwa, warithi wakapata mafungu yao, lakini kitu ambacho kwa haki kingetangulia ndicho kilichobaki nyuma. Miezi minne baiskeli iliegemea ukuta wa ua wetu hapa Dar es Salaam, na kila jamaa aliyekuja kututembelea aliitazama kwanza, kisha akatutazama sisi.

Haukuwa uzembe. Msomaji ambaye hajapata kusafirisha baiskeli kwa gari atadhani ni jambo la kamba mbili na nusu saa. Nasi tulidhani hivyo.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix ya zamani: nyeusi, chuma kitupu, magurudumu ya inchi 28, keria nene nyuma ya kiti, uzito wa karibu kilo 20. Breki zake si za waya. Ni vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Ukitaka kuchomoa gurudumu la mbele huna budi kuvilegeza vyuma hivyo, na ukishavilegeza, kuvirudisha vilivyokuwa ni kazi ya fundi, si ya baba wa nyumba mwenye spana moja.

Kwanza tulikwenda kituo cha mabasi, Mbezi. Kijana wa mizigo alitueleza bila kificho kwamba baiskeli hulazwa chini kabisa ya buti, na juu yake hupandishwa chochote kitakachofuata. Tukamwuliza, kitu gani kwa mfano?

"Jana tulipakia mashine ya kusaga, mzee," akajibu.

Tukamshukuru, tukarudi nyumbani.

Zilipofika likizo za shule tukaazimia kuipeleka wenyewe, kwa gari letu dogo. Hapo watoto wakadai kwamba baiskeli zao nazo zisafiri. Hatukuwa na hoja ya kuwakatalia. Mtaani kwetu mtoto akitoka getini na baiskeli hukutana na bodaboda kabla hajakanyaga pedeli mara tatu. Tanga ni mji tambarare na watu wake wamezoea baiskeli: mzee wa kanzu anakwenda msikitini nayo, mama wa baibui anatoka nayo sokoni, mwanafunzi amempakia mdogo wake nyuma. Watoto walikwisha kusimuliwa hayo na babu yao. Basi mzigo ukawa baiskeli tatu: ya marehemu, ya mvulana wetu wa miaka 11 na ya binti wa miaka 7.

Tulijaribu kwanza kuipakia ya Mzee ndani. Tukalaza viti vya nyuma, tukatandika shuka kuukuu ili grisi ya mnyororo isishike vitambaa, tukaisukuma kidogo kidogo mpaka usukani wake ukagusa dashibodi. Ikaingia. Watoto ndio hawakuingia.

Tukaazima keria ya juu ya gari. Njia ya mafundi ni kuipindua baiskeli, ikasimama kwa kiti na usukani, magurudumu juu, kisha ikafungwa pembe nne. Inakaa imara kweli, lakini gari huwa refu kuliko dereva anavyokumbuka. Jirani yetu mmoja alisafiri hivyo siku nzima salama salimini, akafika nyumbani amechoka, akaingia getini moja kwa moja; boriti ya geti ikazuia baiskeli zisiingie. Tena upepo una hesabu yake: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo huongezeka mara nne. Kamba iliyotosha kwa kilomita 40 kwa saa hukabiliwa na kazi nyingine kabisa kwa kilomita 80. Kupandisha kilo 20 za chuma juu ya bati la gari pasipo kulikwaruza kulituhitaji watu wazima watatu, na Kabuku au Muheza hatungekuwa nao.

Ikabaki keria ya nyuma, nayo ya kuazima: mikono miwili ya chuma inayoegemea mlango wa nyuma, ikishikwa na mikanda yenye ndoana. Vifaa hivi vilibuniwa kwa baiskeli yenye bomba la juu lililonyooka. Ya Mzee ilitundikika vizuri. Ya mvulana ikatundikika kwa kubembelezwa. Ya binti haina bomba la juu hata kidogo, kwa hiyo haikuwa na pa kushikwa. Tulifunga mpini wa jembe kati ya nguzo ya kiti na shingo ya usukani ili tupate bomba la bandia, nao ukafaa, ila mikono ya keria ikakataa uzito wa tatu. Ya binti ikaingia ndani, usukani umepindwa kulala sambamba na gurudumu, miguuni pa watoto.

Pedeli nazo zilitupotezea jioni nzima. Tulitaka kuzitoa zisichore rangi ya gari. Ya kulia ilitoka kwa dakika moja. Ya kushoto tuliihangaikia hadi adhana ya Isha, kila tukiivuta ikazidi kukaza, mpaka mwangalizi mmoja juu ya ukuta akatukumbusha kwamba pedeli ya kushoto hufunguka kwa upande wa pili. Imewekewa hesi za kinyume ili isijifungue yenyewe mtu anapokanyaga. Marehemu angetucheka sana.

Tulitoka baada ya Alfajiri, tukashika njia ya Bagamoyo. Kuna neno hatukulipima vizuri uani: baiskeli ya magurudumu ya inchi 28 ina urefu wa karibu mita 1.9, na gari dogo la Kijapani kwa kawaida halizidi upana wa mita 1.7. Kwa hiyo inapotundikwa nyuma hutokeza pande zote mbili kama pembe za ng'ombe. Dereva haoni pembe hizo. Bodaboda wa kulia kwetu ndiye aliyeziona, tena karibu sana, nasi tangu hapo tukawa tunawapisha kama tuliobeba maiti. Kwenye matuta ya vijijini tulipita kwa mwendo wa kutambaa, huku tukisikia madigadi yakigongana nyuma. Mvulana alipewa kazi ya kugeuka kila baada ya tuta na kutoa taarifa. "Zipo," alikuwa akisema. "Bado zipo."

Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za barabara nzuri. Kabla ya njia panda askari wa usalama barabarani akatusimamisha. Alizunguka nyuma, akakaa kimya kidogo, kisha akatuita tushuke tuone wenyewe. Namba ya gari haikuonekana. Taa ya breki ya kulia ilikuwa nyuma ya gurudumu la Mzee.

"Ukifunga breki ghafla, huyu wa nyuma yako ataona nini?" alituuliza, kwa sauti ya mwalimu zaidi kuliko ya askari. Hatukuwa na jibu. Akatupa ruhusa ya kupanga upya pale pale, akatuazima na mkono. Baiskeli zikasogezwa upande wa kushoto, ya Mzee ikainamishwa gurudumu lake la nyuma lishuke ili taa ifunguke. Namba ikaonekana, taa zikaonekana, tukaagana kwa salamu. Hakuna hata mmoja wetu aliyechungulia chini ya bampa.

Tulivuka Wami kwenye daraja jipya. Pembeni lipo lile la zamani la mwaka 1959, jembamba, ambalo wasafiri wa njia hii wanakumbuka lilivyolazimisha magari kupishana kwa zamu. Marehemu alipata kutusimulia alivyoshuka basini pale akavuka kwa miguu, kwa kuwa hakuliamini. Mbele ya Mkata mama watoto akasema ananusa mpira unaoungua. Tulisimama, tukagusa tairi za gari moja moja, tukaona ni nzima, tukaondoka. Karibu na Kabuku ukasikika mlio kama wa bunduki.

Gurudumu la nyuma la Mzee, tuliloliinamisha kwa ajili ya taa, lilikuwa limening'inia mbele ya bomba la moshi tangu Msata. Moshi wa moto uliipika tairi ubavuni mpaka ikalainika, na tyubu ndani yake, iliyojaa upepo, ikapata upenyo. Kipande cha mpira kilikuwa kimegandamana na rimu. Watoto waliitazama bila kusema. Sisi tulihisi kama tumevunja chombo cha watu mkononi. Tulikuwa tumebeba amana ya marehemu kwa kilomita 150 na zaidi, tumeilinda na bodaboda, matuta na mashine ya kusaga, kisha tukaiunguza wenyewe kwa gari letu.

Kabuku tulielekezwa kwa fundi wa baiskeli chini ya mwembe. Hakushangaa hata kidogo. Hapa baiskeli kubwa ndiyo inayobeba magunia ya mahindi na madumu ya maji, kwa hiyo tairi ya inchi 28, ambayo kwetu mjini tungeitafuta nusu siku, ilikuwa imetundikwa juu ya tawi. Aliikwangua rimu kwa kisu, akaizungusha, akasikiliza, akakaza spoku mbili, kisha akatuambia rimu ni nzima. Alhamdulillah, hapo tuliweza kupumua.

Alipomaliza alikuja kuukagua ufungaji wetu, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie, kwa maana tulijifunza kwa dakika kumi zaidi ya tuliyoyajua maisha yetu yote. Alikata kamba yetu ya nailoni, akasema inavutika ikilowa na inateleza ikiwa kavu. Akachukua tyubu kuukuu, akaichana vipande virefu, akafungia hivyo: mpira ukivutwa haulegei, unaendelea kubana hata gari likiruka. Gurudumu la mbele alilifunga kwenye fremu lisigeuke, kwa maana usukani unaogeukageuka ndio unaovunja mikanda yote. Kati ya baiskeli na baiskeli akaweka gunia lililokunjwa. Mwisho alimwambia mwenye kuendesha awashe gari, akainama, akatia kiganja chake penye moshi, akaangalia unaelekea wapi.

Tulitaka aongeze na kamba ya katani, maana ndiyo sifa ya mkoa. Akacheka. Katani, alisema, ni nzuri kwa kufungia mzigo unaokaa. Gari linalotikisika linataka kitu kinachotikisika nalo. Hatukumbishia, ingawa mandhari ya mkoa huu imetengenezwa na zao hilo tangu mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche yake huku, na 62 tu ikabaki hai. Alichukua fedha ya tairi na tyubu. Ya kazi aliikataa alipoelezwa habari ya wasia, akasema tumsomee Mzee Fatiha.

Kutoka Segera mpaka Hale na Muheza hakuna aliyesema mengi. Machungwa yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu, mkonge ukafuata baadaye, safu kwa safu, na mvulana alikwisha kuacha kugeuka kwenye matuta.

Baba Mdogo alikuwa amekaa barazani, Ngamiani. Tukampa shikamoo, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa nyuma ya gari. Hakungoja chai. Alitufungulia mipira mwenyewe, kwa vidole vinavyotetemeka, akaiweka baiskeli chini, akaipiga kengele mara moja. Kisha akainama chini ya kiti, akapapasa mahali fulani kwenye chuma, akatabasamu. Hatukujua kulikuwa na kitu pale. Ni alama mbili za patasi, alisema, moja ya kaka na moja yake. Waliinunua kwa mishahara ya pamoja walipokuwa vijana katika shamba la mkonge, na kwa mwaka mzima waliiendesha kwa zamu, wiki na wiki.

"Na tairi hii ya nyuma," akauliza bila kuinua kichwa, "kaitia lini?"

Tukamweleza yote: askari, taa, bomba la moshi, Kabuku. Tukamletea tairi iliyoungua, ambayo hatukuthubutu kuitupa. Aliigeuza mikononi muda mrefu.

"Huyu ndugu yangu alikuwa hapendi kubadilisha tairi," alisema. "Nilimwambia hii imekwisha, tangu alipokuja Idi ya mwaka juzi. Hakunisikia."

Akaitundika kwenye msumari wa baraza.

Adhana ya Alasiri ilipolia alitoka na baiskeli, akiisukuma, mkono mmoja juu ya kiti. Mvulana wetu alimfuata akiendesha polepole. Binti naye akasukuma yake, kwa kuwa usukani ulikuwa bado umepindwa tulivyoupinda Dar es Salaam, na spana ilibaki chini ya mwembe, Kabuku.