Moyo Usiohesabiwa

Katika Kiswahili moyo hupigwa konde, hutiwa, huvunjika, hata hufa. Ni nadra kusikia ukihesabiwa. Mjini Machakos karani, mwalimu na mwendeshaji wa bodaboda huambiana wajipe moyo, ilhali hakuna ajuaye wake hudunda mara ngapi kwa dakika.

Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100. Wakimbiaji kama Patrick Makau, mzawa wa Machakos aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka 2011, aghalabu huwa chini ya hapo, kwani moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja. Mapigo ya kasi mtu akiwa ametulia mara nyingi huandamana na unene, sigara, kukaa kitako na shinikizo la damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 24 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na shinikizo la juu. Zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa.

Mitaani, presha ni jina la wasiwasi. Ndiposa asiye na wasiwasi hudhani hana presha. Maradhi haya, hata hivyo, huja kimya. Vidole viwili kifundoni mwa mkono huanza hesabu. Kipimo cha zahanati huikamilisha.