Wikiendi Kirinyaga Road: Tulivyofuata Usukani wa Baba

Mpenzi msomaji, umewahi kununiana na mwenzio kwa sababu ya usukani? Mimi nimewahi, tena siku tatu nzima.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1964, ile ya mgongo wa kobe, aliyotuachia baba mkwe. Miaka yake ya mwisho fundi mmoja alikuwa amemfungia usukani mdogo wa kimichezo, wenye ngozi ya bandia na kitufe chekundu cha honi. Mume wangu, Baba Neema, hakuuvumilia. "Huu si usukani wa Baba," alisema. Alitaka ule wa kiwandani: mkubwa, mwembamba, wenye spoki mbili, nusu duara ya chuma ya kupigia honi, na katikati nembo ya mji wa Wolfsburg, mbwamwitu amesimama juu ya ngome. Mimi nilikuwa nawaza ada ya mtoto.

Mwisho tukapatana. Tungetoka Arusha kwenda Nairobi wikiendi moja, na bajeti moja. Tukiukosa, mjadala umefungwa.

Kwa nini Nairobi?

Si unajua tena, Nairobi na magari ya zamani ni chanda na pete. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1962 Tommy Fjastad alizishinda kwa Volkswagen kama hii yetu. Tangu mwaka 1970 mji huo umekuwa pia na shindano la magari maridadi, Concours d'Elegance, ambalo limekuwa likifanyika uwanja wa farasi wa Ngong. Mahali penye watu wanaoyatunza magari ya zamani, lazima pawe na wanaouza vipuri vyake.

Tulipanda shato asubuhi na mapema. Longido ikatupita kulia ikiwa bado na ukungu, Namanga tukagonga mihuri, kisha tambarare za Kajiado zikafunguka, ng'ombe wa Wamasai wakivuka barabara bila haraka. Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa mjini, na tukaenda moja kwa moja Kirinyaga Road.

Mtaa wenyewe

Wazee bado wanauita Grogan, jina lake la zamani. Usitegemee vioo na kiyoyozi. Huku injini zimepangwa kwenye njia ya miguu kama mafungu ya nyanya, kule milango ya magari imening'inizwa ukutani. Vijana wanakuwahi hata hujafungua mdomo: "Sista, unatafuta nini?" Viatu virefu viache nyumbani, nimejifunza kwa vidole vyangu.

Tuliuliza maduka sita, wote wakacheka. Gari la mwaka 1964? La saba wakatuelekeza uchochoro wa nyuma, kwa mzee mmoja mwenye koti la bluu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Nyinyi ni wa Tanzania," akasema akitabasamu. "Hapa watu huniambia sasa."

Akapotea ndani, akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alipofungua, Baba Neema alinyamaza. Mbwamwitu alikuwa pale pale juu ya ngome yake.

Picha iliyotunyamazisha

Mzee hakutaja bei. Aliomba kwanza picha za gari kwa chini. Bahati nzuri mume wangu alikuwa nazo kwenye simu. Mzee akavaa miwani, akaikuza moja kwa vidole viwili.

"Nani alikufanyia hii?"

Basi akatufundisha pale pale, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Usukani unazungusha fimbo, fimbo inaingia kwenye boksi la steringi lililofungwa kwenye ekseli ya mbele, na kutoka hapo tairodi mbili zinavuta magurudumu. Kwa kuwa boksi halikai katikati, tairodi moja ni ndefu na nyingine ni fupi. Ile yetu ndefu ilikuwa imekatwa na kuchomelewa.

Alidhani aliyeifunga aliokota kipuri cha modeli ya mbele. Kwa modeli za mwaka 1966 kiwanda kiliacha kingipini kikaingia kwenye boljointi, na vingi vya mbele vikabadilika. Kwa hiyo mtu asiyejua mwaka wa gari hulazimisha.

Mpenzi msomaji, Neema hukaa kiti cha nyuma cha gari hilo kila Jumapili. Sikuwa na hamu tena ya kubishana kuhusu bajeti.

Kulikuwa na rundo la tairodi za zamani, za mwaka sahihi kabisa, na Baba Neema akaanza kuzichagua. Mzee akamshika mkono. "Hizo siuzi. Kinachoonekana, nunua cha zamani. Kinachoshika roho, nunua kipya cha umbo lile lile." Akatutolea tairodi mpya za gari la usukani wa kulia, viungo vyake vya mwisho, na raba inayounganisha fimbo na boksi.

Tulipojumlisha, pesa zilitosha kitu kimoja tu. Mume wangu aliutazama usukani, akaukunja tena kwenye gazeti, akamrudishia mzee. Kwa kweli, siku ile nilimpenda upya.

Siku ya kuzaliwa

Vipuri vilifungwa Arusha, magurudumu yakapangwa, gari likaacha kuvuta kushoto. Usukani mdogo ukabaki, na Baba Neema hakuutaja tena.

Miezi miwili baadaye nilimwambia nina semina. Nikapanda shato peke yangu. Mzee alikuwa bado ameuhifadhi, akanipunguzia kidogo.

Usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa niliuweka mezani, gazeti lake likiwa vilevile. Kesho yake tulinyoosha magurudumu, fundi akafungua nati moja ya katikati, akaubadilisha. Tukaenda hadi ziwa Duluti. Ndipo nikaelewa kwa nini ni mkubwa vile: gari halina pawa steringi, ukubwa wa usukani ndio nguvu yako. Na ule mdogo, kila tulipoegesha, tulikuwa tunapigana nao.

Baba Neema alipiga honi mara mbili langoni, kama baba yake alivyozoea. Mama mkwe akatoka mbio jikoni.

Ukitaka kwenda

• Andika mwaka wa gari na namba ya chesisi. "Volkswagen ya zamani" haitoshi.
• Beba picha za juu na za chini, pamoja na kipuri chako kibovu kama kinabebeka.
• Hakikisha kipuri ni cha usukani wa kulia. Boksi la gari la usukani wa kushoto halitakufaa.
• Usikubali kipuri cha steringi kilichochomelewa, hata kiwe cha bei gani.
• Mwambie fundi asikaze boksi kupita kiasi. Likibana, usukani haurudi wenyewe baada ya kona.
• Panga bajeti na mwenzio kabla ya kutoka nyumbani, si mbele ya muuzaji.

Safari njema!