Babu, reli na mitaro

Kimya kirefu, najua. Nilikuwa nyumbani Wanging'ombe, tumemzika babu. UE ziko mlangoni, lakini desa haliingii kichwani mpaka niandike hili.

Babu alikuwa mhandisi wa reli, mstaafu. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia. Mwaka 1972 vijana kama 200 wa nchi hizi mbili walipelekwa Beijing kusomea reli, naye akiwemo. Alirudi na Kichina chake, akapangiwa kipande cha Mlimba hadi Makambako. Kilomita 157 tu, ila kuna madaraja 46 na mahandaki 18! Abiria wengi wanapita hapo wamelala.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupigwa picha. Alitembea kwa miguu juu ya mataruma, anakagua mitaro. Alikuwa akituambia treni haiui reli, maji ndiyo yanaiua. Mtaro ukiziba, maji yanaingia chini ya kokoto, udongo unalegea, tuta linatitia, reli inapinda. Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China ziliposaini makubaliano ya kuifufua TAZARA, sisi tulishangilia kwenye redio. Yeye akasema tu, "Waanze na mitaro."

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Kabla ya mvua za kwanza wajukuu wote tunapewa majembe, tunazibua mtaro kuzunguka nyumba. Bibi anacheka, "Mzee bado yuko kazini huyu."

Sasa sikilizeni. Babu alizaa mabinti wanne, hakuna wa kiume. Ndugu wakamshauri aoe tena, na hela za ada anunue ng'ombe, mabinti si wataolewa tu? Hakubishana nao. Akauza hata ng'ombe aliokuwa nao. Wote wanne wakamaliza sekondari. Wa tatu ndiye mama yangu, leo ni mwalimu. Bila uamuzi ule, mimi habari za boom ningezisikia kwa watu.

Msibani ikazuka hoja: nani asome wasifu wa marehemu, maana hana kijana wa kiume? Wazee wakaanza kutafutana, mara mpwa, mara binamu. Bibi alikuwa kimya tangu asubuhi. Akasema, "Watoto wake hao wanne, wote wanajua kusoma. Chagueni." Pakawa kimya. Mama mkubwa akasimama akasoma, sauti haikutetemeka, na pale palipoandikwa Beijing 1972 hata wale wazee wakaanza kutikisa vichwa.

Basi wadau, mwenye babu au bibi aliye hai ampigie leo, vocha ya jero inatosha. Muulize kazi yake ilikuwaje hasa, na akueleze taratibu. Tuonane baada ya UE.