Baisikeli Yetu ya Mashini

Sisi twakaa Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika. Leo twataka kuwapa habari ya kazi tuliyoifanya kwa mikono yetu wenyewe, nayo ni kutengeneza baisikeli iendayo kwa mashini. Kazi hiyo ilitupa furaha nyingi, kisha ikatupa huzuni, na katika huzuni hiyo tulijifunza neno moja ambalo twaona si haki kulificha.

Sisi tu ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mmoja wetu ni mwalimu wa hesabu katika shule iliyo ng'ambo ya mto Luiche. Wa pili ni fundi wa baisikeli, na kibanda chake ki chini ya mwembe. Baba yetu alipofariki alituachia Raleigh nyeusi ya zamani, ambayo kwayo alichukua mawese na dagaa miaka mingi kati ya Ujiji na Kigoma. Mwalimu aliipanda kila siku kwenda shuleni. Lakini goti lake lilianza kuuma, na wakati wa masika njia huwa tope tupu, hata akawa afika amechoka kabla ya kushika chaki. Nauli ya pikipiki, kwenda na kurudi kila siku, iliula mshahara wake. Basi jioni moja yule fundi akasema, "Kaka, kwa nini tusiipe baisikeli ya baba nguvu yake yenyewe?"

Fedha ya kununua mashini mpya hatukuwa nayo. Tukaenda Mwanga, kwa mtu anunuaye vyuma chakavu, tukapekua lundo lake siku mbili. Huko tukapata mashini ndogo ya kukatia majani, imevunjika mpini na tangi, lakini pistoni yake ilipanda na kushuka vizuri. Ujazo wake ni sentimeta 43 tu, hata kikombe kidogo cha chai chaushinda. Tukaipima kwa kilo kama chuma cha kawaida, tukailipia, tukarudi nayo nyumbani kwa shangwe.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuifufua. Tukaifungua yote, tukaiosha kwa petroli, tukasugua plagi, tukatia pete mpya katika pistoni. Mashini za namna hii hazina mahali peke yake pa kutia mafuta ya kulainisha. Hayo huchanganywa na petroli yenyewe, sehemu 25 za petroli kwa sehemu moja ya mafuta. Asiyelijua jambo hili huiua mashini yake siku ya kwanza. Tangi tulilifanya kwa kopo la mafuta ya gari. Vibao vya kuishika mashini tulivikata katika chuma cha kitanda kibovu. Navyo vilipovunjika kwa mtikisiko, tukavifanya vingine, tukaweka chini yake vipande vya mpira wa tairi, ya namna ile washonewayo watu viatu.

Kazi ya pili ilikuwa ya hesabu. Mashini hii huzunguka kama mara 5,000 kwa dakika, na gurudumu la baisikeli likizunguka hivyo litaruka vipande. Ilitupasa kuupunguza mzunguko. Fundi chuma mmoja akatuchongea magurudumu mawili madogo, kila moja lina meno 10. Katika baisikeli mbovu tukapata makubwa mawili, yenye meno 48 kila moja. Dogo la kwanza lazungusha kubwa la kwanza, lililo juu ya ekseli ya katikati. Kwenye ekseli hiyo hiyo pana dogo la pili, nalo kwa mnyororo lazungusha kubwa la pili lililofungwa penye spoki za gurudumu la nyuma. Kila hatua yapunguza mara 4.8, na hatua zote mbili zapunguza mara 23. Basi mashini izungukapo mara 5,000, gurudumu lazunguka mara 217, na kwa kuwa mzingo wake ni kama meta 2.2, mwendo wake ni kilometa 28 na kitu kwa saa. Mwalimu aliandika hesabu hiyo ubaoni, wanafunzi wakaifurahia kuliko hesabu zote za kitabuni.

Katika siku zile tulipenda kuzungumza habari za watu waliofanya kazi kama yetu. Huko Japani, mwaka 1946, nchi ikiwa imeharibiwa na vita, fundi mmoja jina lake Soichiro Honda alipata mashini ndogo zilizokuwa zikitia nguvu za umeme katika redio za jeshi. Akazifunga katika baisikeli katika mji wa Hamamatsu, na tangi lake la kwanza lilikuwa chupa ya maji ya moto ya kupasha kitanda. Pikipiki nyingi zenye jina lake duniani leo zina asili yao katika kazi ile ya mabaki.

Na sisi tukaao hapa hatuna haja ya kwenda mbali hata Japani. Meli yetu Liemba iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa kwa bahari na kwa gari la moshi hata Kigoma, ikaundwa upya. Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui. Lakini kwanza walizipaka mashini zake grisi nyingi, ili maji yasizile. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Tulipozikumbuka habari hizi tulijiona kuwa tu katika ukoo wa mafundi wakubwa. Kumbe katika habari hiyo ya Liemba palikuwa na fundisho ambalo hatukuliona, nalo tutalieleza baadaye.

Siku ya kumi na tisa tangu tuinunue mashini, baisikeli ilikwenda. Tulikanyaga pedali hatua chache, mashini ikalia, na baisikeli ya baba ikaondoka yenyewe chini ya miembe. Watoto walitufuata mbio. Mama yetu alitoka nje, akatazama, wala hakusema neno.

Siku ya Jumamosi iliyofuata tuliamua kwenda Kigoma. Mmoja wetu aliendesha. Na juu ya kibebeo aliketi binti wa mwalimu, mwenye umri wa miaka 8, aliyeomba sana kwenda kuitazama stesheni. Wa pili alitangulia kwa gari la abiria, akatungojea mjini. Njia itokayo Ujiji hupanda hata Mwanga, kisha hushuka kwa mteremko mrefu mpaka stesheni, karibu na ziwa. Kupanda, mashini ilifanya kazi yake bila kulalamika. Tulipofika juu tukaufunga waya wa mafuta, mashini ikapoa, tukaanza kushuka.

Hapo ndipo lilipotokea jambo. Klachi ya mashini ya majani hushika mashini ikizunguka kwa nguvu, na ikipunguza hujiachia; kwa hiyo katika mteremko hakuna kitu kilichozuia gurudumu. Breki ya nyuma tulikuwa tumeiondoa, kwa sababu mnyororo wa mashini ulipita mahali pake. Ilibaki breki ya mbele tu, na waya wake tuliutoa katika pikipiki mbovu. Mwendo ukazidi. Breki ikaminywa, ikashika kidogo, ikaminywa tena, na waya ukakatika.

Mbele yetu walikuwamo watu wakivuka njia, na wanawake wenye vikapu. Kando ya njia palikuwa na lundo la mchanga wa waashi. Aliyeendesha aliigeuza baisikeli kwenye mchanga ule. Yeye alichubuka uso na mikono. Mtoto alirushwa, akaangukia kiwiko, na mkono wake wa kuume ukavunjika.

Tulimpeleka Hospitali ya Maweni, akafungwa plasta. Tulimshukuru Mungu kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kizima. Lakini usiku ule, tulipokwisha kurudi nyumbani, sisi ndugu wawili hatukuweza kutazamana. Mmoja alisema, "Uliendesha kama mwendawazimu." Wa pili akajibu, "Nawe ulinipa breki ya uzi." Tangu hapo tulinyamaziana, tukakaa majuma matatu katika ua mmoja kama wapangaji wasiojuana. Baisikeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, mchanga ungali katika mnyororo wake.

Wasomaji mtauliza, ni nani aliyeendesha? Tumekubaliana tusiseme, kwa sababu kosa halikuanza juu ya mteremko. Katika majuma yale ya kunyamaza, kila mmoja alikuwa akijua siri yake. Fundi alijua ya kuwa waya ule ulikuwa na nyuzi mbili zilizokwisha katika siku alipoufunga, aliziona, akasema moyoni, "Nitaubadili juma lijalo." Mwalimu naye alijua kanuni aifundishayo darasani kila mwaka, ya kuwa mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama hurefuka mara nne. Baba alikuwa akienda kama kilometa 14 kwa saa, na breki zake zilifanywa kwa mwendo huo. Sisi tuliufikisha 28, nasi tukampunguzia breki moja. Mwalimu aliijua hesabu hiyo, lakini hakuiandika ubaoni, kwa kuwa aliogopa itachelewesha furaha. Basi mmoja alikuwa na waya mikononi, wa pili alikuwa na hesabu kichwani, na wote wawili tulinyamaza.

Aliyetupatanisha ni mama yetu. Jioni moja alituita wote wawili, akaketi na mjukuu wake karibu naye, akatuambia, "Wanangu, kwa siku 19 niliwasikia mkiulizana, Je, itakwenda? Itakwenda kweli? Sikusikia hata mara moja mmoja wenu akiuliza, Je, itasimama?" Kisha akaingia ndani kupika. Tulibaki pale barazani mpaka giza likaingia, na hapo kila mmoja alimwambia mwenzake siri yake.

Methali yasema, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bali katika habari hii wakubwa ndio waliokosa, na aliyevunjika ni mtoto. Mkono wake umepona, aandika na kuteka maji kama wenzake, lakini haunyoki sawasawa kama ule wa kushoto. Kila akinyosha mikono twaona, naye hajui ya kuwa twatazama.

Sasa twarudi kwa Liemba. Tulikuwa tukisimulia jinsi ilivyotolewa majini, wala hatukuangalia miaka yake. Ilitolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Tangu kuinuliwa hata kuchukua abiria ilipita miaka mitatu. Sisi tulimchukua abiria wetu wa kwanza kabla ya juma moja kupita.

Baisikeli hatukuitupa. Tuliondoa mashini, tukaanza upya kwa breki. Gurudumu la meno la nyuma tulilisogeza nje kwa vipande vya bomba, breki ya nyuma ikapata mahali pake. Tukanunua vyuma na mipira mipya ya breki za mbele na za nyuma, tusitumie kitu chakavu hapo. Kisha tukachora mstari katika uwanja tambarare, tukaipima. Kwa breki ya mbele peke yake ilihitaji hatua 20 kusimama. Kwa zote mbili hatua 9. Tulipozimwagia rimu maji, hatua zikawa 17, tukajua ya kuwa siku ya mvua haifai kupandwa. Siku hizi huenda kwa mwendo mdogo katika vijia vya bustani zetu bondeni kwa Luiche, ikichukua mbolea na mboga. Barabara kuu haipiti, maana askari wa usalama barabarani alitueleza kwa upole ya kuwa chombo chenye mashini hakihesabiwi tena kuwa baisikeli: chataka kuandikishwa, na mwendeshaji awe na leseni, bima na kofia ngumu. Mwalimu huenda shuleni mapema zaidi, kwa miguu na fimbo, goti likimruhusu. Na siku linapokataa hulipa nauli bila kunung'unika.

Basi, enyi vijana wenye mikono miepesi, hatuwakatazi kutengeneza. Vyuma chakavu vina uhai ndani yake kwa mtu mwenye subira. Lakini shikeni haya machache. Kwanza, fanyeni breki kabla ya mashini, nazo ziwe mbili. Pili, kila kitu chaweza kuwa kikuukuu ila kile ambacho uhai wa mtu hutegemea. Tatu, msimpandishe mtoto juu ya kitu ambacho ninyi wenyewe hamjakipima.

Na ninyi wazazi na walimu, mkijua jambo ambalo lingechelewesha furaha ya nyumbani, lisemeni siku ile ile. Sisi tulinyamaza kwa ajili ya Jumamosi moja nzuri, na binti yetu ndiye aliyelipa.