Kidonge Chini ya Ulimi

Ramadhani iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mzee wetu mmoja alibaki ameketi safu ya mbele, mkono kifuani, jasho likimtiririka. Mfukoni alikuwa na kidonge alichoandikiwa na daktari kwa maumivu ya namna hiyo, lakini alikataa kukitumia. "Wanangu, Magharibi imekaribia," alisema. Nasi viongozi wa msikiti hapa Mkiwa, hata tuliosoma chuoni, tukatazamana tu. Maumivu yalitulia kwa rehema za Mwenyezi Mungu, wala si kwa busara zetu.

Aibu ile ilitupeleka kuuliza. Kidonge hicho ni nitrogliserini. Kinapoyeyuka chini ya ulimi, dawa hupenya moja kwa moja kwenye damu, na ndani ya dakika chache hulegeza misuli iliyomo katika kuta za mishipa. Vena hupanuka, damu inayorejea moyoni hupungua, na moyo hupunguziwa mzigo wa kusukuma. Mishipa inayoulisha moyo wenyewe nayo hupanuka, damu ikapita kwa wepesi zaidi.

Kwa kuwa shinikizo la damu hushuka, mgonjwa hutakiwa kuketi asije akaanguka. Tena ni hatari kuchanganya dawa hii na zile za nguvu za kiume. Jambo hili wenye familia wasilionee haya. Maumivu yasipotulia baada ya dakika tano, mgonjwa awahishwe hospitali.

Ama kuhusu swaumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa kidonge cha chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu ya moyo hakibatilishi funga, maadamu mgonjwa anajiepusha kumeza kinachofika kooni. Na hata kama angelazimika kufungua, Suratul Baqara, aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Tulipomfikishia mzee habari hizi, alituuliza kwa upole: "Mbona siku ile hamkuniambia?"

Hatukuwa na jibu. Basi tumeazimia kuwa mwaka huu, kabla mwezi haujaandama, darsa la swaumu ya mgonjwa lisomwe msikitini, na mhudumu wa afya aketi kando ya imamu. Nanyi wasomaji wetu, waulizeni wazee wenu leo: wana kidonge gani mfukoni?