Kikombe cha Mama

Katika kabati la jiko letu, hapa Kibokoni, kuna kikombe cha kauri chenye ua jekundu na mkono uliovunjika. Hakinywewi chai. Tangu tulipopata fahamu, kikombe hicho ndicho kipimo cha unga, cha mchele na cha sukari katika nyumba hii, na kila pishi tulilofunzwa na mama lilihesabiwa kwacho. Mayai sita, kikombe cha unga, kikombe cha sukari, iliki ya kukisia. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yote ya mkate wa mayai, na sisi mabinti zake watatu tuliyapokea kama tulivyoyapokea majina yetu, bila ya kuuliza.

Mkate huo ulimpa mama jina mtaani. Haikuwa ikipita harusi wala maulidi bila ya mtu kubisha hodi alasiri na kuuliza kama atawapikia miwili au mitatu. Aliuoka kwa sufuria juu ya jiko la makaa, akaupalia makaa mengine juu ya kifuniko, na saa ya kuuepua aliijua kwa harufu. Oveni tulikuja nayo sisi, na mpaka leo hasemi kuwa ni bora.

Miaka miwili iliyopita, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, mama alipimwa akaambiwa ana ugonjwa wa kisukari. Daktari alimpa dawa na kumweleza habari ya funga yake, na hayo yalikwenda vizuri, alhamdulillahi. Tulioharibu ni sisi, tena siku ya Idi.

Asubuhi ile, baada ya sala, wageni walianza kuingia kama ilivyo ada. Tulipika mikate mitatu kwa kikombe kile kile, tukaipanga katika sinia pamoja na vitumbua na visheti. Mama tukamtengea sahani yake mbali: vipande vya papai, na chai isiyotiwa sukari. Tulijiona tumefanya wema. Wageni wakawa wanakula mkate wake na kuusifu, naye amekaa mbele yao na papai, na jirani mmoja, kwa nia safi kabisa, akauliza kulikoni. Mmoja wetu akajibu kwa sauti ambayo watu wote waliisikia.

Mama hakusema neno mpaka mgeni wa mwisho alipoaga. Kisha alituita, akatwambia: "Wanangu, maradhi haya ni yangu na Mola wangu. Nyinyi mmeyatembeza barazani." Akaingia chumbani kwake kusali. Sinia ile hakuna aliyeigusa tena siku hiyo.

Hatukujua la kusema, kwa hiyo tulirudi jikoni. Nia yetu ilikuwa kuupata mkate ambao mama ataukata kwa mkono wake mbele ya wageni, naye akala kipande kama mtu mwingine yeyote. Tuliamini ni jambo la siku moja. Tulipunguza sukari kutoka kikombe kizima hadi robo, tukapiga mayai kwa mashine, tukatia unga, tukaoka. Kilichotoka ni kitu kilichobonyea katikati, cheupe kama mtu aliyeamka homani, na kigumu kutafuna. Mtoto wa kaka yetu, ambaye huwa hakatai kitu, alikikataa.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba katika mkate wa mayai sukari haifanyi kazi ya utamu peke yake. Inapoyeyuka katika mayai huyafanya yawe mazito, mfano wa shira nyepesi, na uzito huo ndio unaovishika vipovu vya hewa visipasuke unga unapochanganywa. Motoni nako huchelewesha yai kuganda, ili vipovu vipate muda wa kufutuka kabla mkate haujashika. Tena huzuia maji yasitoke upesi, ndiyo sababu mkate wenye sukari hubaki laini hata siku ya pili, na ndiyo inayosaidia kuupa wekundu wa juu. Ukiiondoa yote kwa pigo moja, umeondoa vitu vinne ukidhani umeondoa kimoja.

Basi tukakimbilia tende. Fikira hii tuliipenda mno, kwani tende ni chakula cha baraka na kila nyumba ya Kiislamu inayo. Tulichukua gramu 400 za tende zisizo na kokwa, tukazichemsha, tukazisaga, tukapika keki nyeusi yenye mdalasini ambayo haikuingia hata kijiko cha sukari. Ilikuwa tamu ajabu. Tukamwambia mama kwa furaha: hii haina sukari, jisikie huru. Naye, ambaye kwa mwezi na zaidi alikuwa akijinyima, alikula vipande vitatu. Saa mbili baadaye tulimpima kwa mashine ya kuchoma kidole, ikasoma 15.

Tulikaa naye usiku ule tukimnywesha maji na kumpima kila baada ya muda, na hatukulala mpaka kipimo kiliposhuka. Muuguzi tuliyemwendea asubuhi hakutukaripia. Alituuliza tu: "Tende ina utamu wa nini?" Kweli, zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari. Katika keki ile, gramu 400 zile zilibeba zaidi ya gramu 200 za sukari, ila hazikupitia kwenye pakiti ya dukani. Asali ni hivyo hivyo, na sukari guru ni hivyo hivyo. Mwili wa mgonjwa hauulizi ilikotoka. Hata unga na mchele, vikishasagwa tumboni, huishia kuwa sukari katika damu. Hatusemi tende ni mbaya, hasha. Tatu za kufungulia kinywa ni jambo moja, na keki nzima yake ni jambo jingine. Lakini neno "haina sukari" tulilomwambia mama halikuwa la kweli, na angeweza kulilipia.

Tunawaomba akina mama wenzetu wanaouza keki za tende na asali kwa jina la "keki ya wagonjwa wa sukari" walitafakari jambo hili. Tunajua biashara ni ngumu, lakini anayenunua anawaamini.

Baada ya hapo tuliacha kukisia, tukanunua mizani ndogo ya jikoni. Siku ya kwanza, kwa mchezo tu, tulijaza sukari katika kikombe chenye ua jekundu tukaipima. Gramu 260! Kikombe cha kawaida cha kupimia, kile kinachotajwa katika vitabu vya mapishi, huchukua kama gramu 200. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Miaka yote ile tulipomwandikia mtu pishi la mkate wa mama na kumwambia "kikombe kimoja", mkate wake haukuwa sawa na wetu, naye alidhani tumemficha siri. Siri yenyewe ilikuwa kikombe.

Tukapiga hesabu. Gramu 260 katika mkate uliokatwa vipande 12 ni karibu gramu 22 kwa kila kipande, zaidi ya vijiko vitano vya chai, kwa kuwa kijiko kimoja huchukua kama gramu nne. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya. Kipande kimoja cha mkate wetu kilikuwa karibu kinaimaliza siku nzima, na bado mtu hajanywa chai.

Safari hii tulikwenda polepole, na kila jaribio tukaliandika katika daftari. Unga na mayai tuliviacha vile vile. Gramu 200: hakuna aliyetambua. Gramu 170: mmoja wa wajomba zetu alisema mkate wa leo umepoa, asijue kwa nini. Gramu 150: mkate ulisimama vizuri, rangi ikapauka kidogo, tukaurudishia wekundu kwa kuuacha motoni dakika chache zaidi na kuusogeza juu ya oveni mwishoni. Gramu 130: ulifutuka nusu, na kesho yake ulikuwa mkavu wa kukwama kooni. Tukarudi 150 na hapo tumesimama. Jambo moja lililotusaidia ni kuzidisha muda wa kupiga mayai, mpaka yanapodondoka kutoka kwenye mashine yaache mstari juu yake usiozama mara moja. Sukari ikipungua, mkono lazima uongezeke.

Utamu uliopotea haukulilia sana, kwa sababu iliki tunaitwanga wenyewe siku ile ile badala ya kutumia ya kopo, tunatia ganda la ndimu lililokwaruzwa na chembe ya chumvi. Pua hushiriki katika kuonja. Na mkate wenye uvuguvugu huonekana mtamu kuliko uliopoa, kwa hiyo siku za wageni tunauoka karibu na saa yao. Tukaukata vipande 16 badala ya 12. Kila kimoja kina gramu tisa na kidogo za sukari, vijiko viwili na ushee. Si dawa, ni mkate. Lakini mama alikula kipande kimoja baada ya chakula, tukampima, na kipimo kilikuwa ndani ya mipaka aliyowekewa na daktari wake. Wasomaji wenye wagonjwa wasichukue nambari zetu. Wawaulize wanaowatibu, kwani kila mwili una hesabu yake.

Mkate wa sinia ulikuwa mwepesi zaidi kuurekebisha. Mchele uliorowekwa na kusagwa kwa tui zito una ladha yake, na sukari ndani yake ni mgeni tu. Hamira haitaki zaidi ya kijiko kimoja cha chai ili iamke. Ukiimwagia sukari nyingi mwanzoni, sukari hunyonya maji, na hamira hudumaa. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wakiitia sukari baada ya mchele kuumuka, na sisi tulidhani ni mazoea tu. Kwa vikombe viwili vya mchele tulikuwa tukitia kikombe kizima cha sukari. Sasa tunatia nusu ya kikombe cha kawaida, na majirani wanaendelea kuazima sinia yetu. Mahamri nayo yalipunguzwa pasipo kelele, tena tukagundua faida: yale yenye sukari nyingi hubabuka nje ndani yakiwa mabichi.

Ilibaki haya ya kumwambia mama. Maana majaribio yale yote, baada ya keki ya tende, tuliyafanya kwa siri, tukimwonjesha bila ya kueleza, kwa kuogopa kumkumbusha siku ya Idi. Jioni moja alikuja jikoni bila ya kuitwa, akaliona daftari limefunguliwa karibu na mizani. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka wa gramu 130 ulioandikwa "mbaya, usirudie". Tulisubiri kukaripiwa. Akauliza: "Kikombe changu kinaingia 260?" Tukamwambia ndiyo. Akakichukua kabatini, akakijaza sukari, akakiweka juu ya mizani mwenyewe, akakitazama kwa muda.

"Kile cha kwanza kilivunjika mwaka wa harusi ya dada yenu," alisema. "Kilikuwa kidogo. Hiki nilikinunua badala yake, wala sikufikiri kukilinganisha." Basi mkate aliofunzwa na mamake ulikuwa na sukari pungufu kuliko ule uliompa jina.

Idi iliyofuata aliupika mwenyewe, kwa makaa, kwa gramu 150 alizozipima kwa mizani huku akiilalamikia betri yake. Aliukata mbele ya wageni. Bibi mmoja mtu mzima, ambaye ulimi wake unaogopwa mtaa mzima, alitafuna, akanyamaza, kisha akasema mkate huu unamkumbusha wa marehemu nyanya yetu. Mama alijitilia kipande chake katika sahani na kututazama kwa jicho la pembeni.

Lililotushinda mpaka leo ni kaimati. Donge lenyewe halina shida, ila shira ndiyo kaimati, na shira ni sukari na maji. Tulijaribu kuipika nyepesi, zikalowa na kulegea kama mkate uliodondoka majini. Sasa tunazipakua kavu, shira tunaiweka katika bakuli mbali na kijiko kidogo, kila mtu ajimiminie kadiri yake. Mama hujimiminia kijiko kimoja. Shangazi yetu hulivuta bakuli zima upande wake, na hatujaandika chochote katika daftari kuhusu hilo.