Uaminifu Katika Kazi Ndogo za Kanisa

Yako maswali ambayo sisi walimu wa vijijini huulizwa mara kwa mara, na mojawapo ni hili: Kanisa la mahali hupata nguvu kwa kitu gani? Wengine hujibu ya kuwa ni jengo la mawe na mabati mapya. Wengine husema ni fedha. Na wengine, hasa vijana, husema ni mhubiri mwenye ulimi mtamu. Hatuyadharau hayo, kwa maana mvua ikinyesha juu ya vichwa vya watu, hakuna asikiaye mahubiri. Walakini tumefundisha miaka mingi katika kanisa dogo la bara ya Mombasa, ambalo kasisi hulifikia mara moja tu kwa mwezi, nasi twaona ya kuwa kanisa husimama au huanguka kwa jambo jingine, nalo ni uaminifu wa watu walio tayari kufanya kazi ile ile, siku zile zile, hata pasipo mtu wa kuwasifu.

Na tutazame kwanza habari za Rabai, kwa kuwa si mbali na kwetu. Dkt. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakafanya makao yao Rabai. Baada ya miaka michache Krapf akarudi Ulaya, Rebmann akabaki. Watu wengi wamkumbuka Rebmann kwa sababu aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake mwaka 1848, na wataalamu wa Ulaya wakakataa kumsadiki. Sisi twamkumbuka kwa jambo jingine. Alikaa pande hizi miaka 29. Akamzika mkewe huku huku. Akafundisha, akakusanya maneno ya lugha zetu na kuyaandika. Hata alipoondoka mwaka 1875, macho yake yakiwa karibu kupofuka kabisa, Wakristo aliowaacha walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata akafa. Kamusi yake ya lugha ya watu wa Nyasa ilipigwa chapa mwaka 1877, yaani yeye mwenyewe hakuishika mkononi.

Mtu wa biashara angesema, "Miaka 29 kwa watu wachache namna hii ni hasara tupu." Lakini hesabu haikufungwa siku ile. Katika miaka ya 1860 walikwisha kuja Rabai Waafrika waliokombolewa katika utumwa, wakalelewa na kufundishwa Bara Hindi, nao wakaishika kazi. Mmoja wao ni William Jones. Mwaka 1885 alipewa ushemasi na Askofu James Hannington, na mwaka huo huo akafuatana naye katika safari ya Uganda. Askofu alimwacha Kwa Sundu, mahali paitwapo leo Mumias, pamoja na wapagazi wengi, akatangulia mwenyewe na watu wapatao 50, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones akangoja habari. Na alipokwisha kuhakikisha msiba ule, akawaongoza waliosalia mwendo wote mpaka Rabai, wakafika mwezi wa Februari 1886.

Hakuishia hapo. Aliendelea na kazi yake Rabai, na watumwa waliowatoroka mabwana zao wakazidi kukimbilia huko, hata tarehe 1 Januari 1889, baada ya mabwana kulipwa fidia, watu zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni karibu na Mombasa wakapewa hati za uhuru. Basi na tujiulize: kama isingalikuwapo nyumba, wala shamba, wala mwalimu, watu wale wangalikimbilia wapi? Yule mzee aliyeondoka na macho mabovu hakuiona siku ile, lakini alikuwa amemlinda moto usizimike.

Hayo ni ya zamani. Sasa na tuseme ya kwetu. Palikuwa na mama mmoja mjane ambaye kila Jumamosi alifagia kanisa na kuchota maji ya Jumapili. Hakuwa na cheo, wala jina lake halikutajwa katika mikutano. Siku moja akaanguka na kuvunjika mguu. Jumapili iliyofuata tulikuta mavi ya popo juu ya mabenchi, na mtoto aliyeletwa kubatizwa akangojeshwa mpaka mtu atumwe kisimani. Hapo ndipo wengi walipotambua ya kuwa kazi ile ilikuwa na mwenyewe. Naye mama yule hakulalamika. Aliwaita wasichana watatu mkekani pake, akawafundisha ufagio hukaa wapi, mishumaa hutunzwaje, na maji huchotwa saa ngapi. Mguu ulipopona, alikuta kazi haimngoji tena, akafurahi sana. Kwa maoni yetu, mafundisho yale ya mkekani yalilitia kanisa letu nguvu kuliko sherehe nyingi tulizozifanya.

Kadhalika na sadaka. Kwetu huhesabiwa na watu wawili mbele ya macho ya wote, huandikwa kitabuni papo hapo, na kila mwisho wa mwezi kitabu husomwa kwa sauti. Ni kazi ya kuchosha, tena fedha zenyewe ni kidogo. Lakini tangu desturi hiyo ianze, manung'uniko yamekoma, kwa kuwa mtu hutoa kwa moyo mweupe ajuapo alichotoa kimekwenda wapi. Wahenga walisema, papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Walakini lipo neno moja ambalo hatuna budi kulisema wazi. Uaminifu wa mtumishi usiwe kisingizio cha wengine kukaa wakitazama. Twajua mahali ambapo mwinjilisti husifiwa kwa uvumilivu wake, na watoto wake hurudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo. Sifa hazilipi karo. Kanisa linalomwachia mtu mmoja mizigo yote, likamwita mwaminifu, halijapata nguvu; limeegemea nguzo moja, na nguzo hiyo ikioza nyumba yote italala chini. Ikiwa twataka watumishi waaminifu kwetu, na sisi tuwe waaminifu kwao.

Basi, ndugu zetu, msingoje kupewa kazi kubwa. Kila mmoja na ashike kazi moja ya kanisa lake, aijue vema na kuifanya kwa wakati wake. Tena na amtafute mapema mtu mmoja wa kumfundisha kazi hiyo, ili siku atakapougua, au atakapoitwa na Mungu, kengele ya Jumapili ilie kwa saa yake.